Nani Ashike Bisibisi?

Hotuba kwa timu za roboti za wanafunzi na walimu walezi wao

Wanafunzi, walimu walezi, na wazazi mliotenga muda wenu kuja: asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kugawana kazi ndani ya timu ya roboti. Jambo hili huonekana dogo likiwekwa kando ya gia, mota na programu, na timu nyingi hulimaliza kwa dakika chache siku ya kwanza ili zianze kujenga. Mimi naona ndilo linalostahili kutangulia. Nimekaa na timu za wanafunzi muda wa kutosha kusadiki kwamba roboti iliyoharibika hutengenezeka kwa jioni moja, lakini mgawanyo mbaya wa kazi hulipiwa msimu mzima, na wanaoulipia zaidi ni wale wasiopenda kusema.

Hebu tukumbuke mambo yanavyokwenda siku hiyo ya kwanza. Sanduku la vifaa linafunguliwa. Aliyewahi kuandika programu anaivuta kompyuta upande wake. Aliyezoea kufungua vitu anachukua bisibisi. Mwenye sauti kubwa anakuwa kapteni. Waliobaki wanapewa daftari, bango na kazi ya kupiga picha. Hakuna aliyekaa akapanga hivyo, mambo yamejipanga yenyewe. Baada ya wiki kadhaa ukiingia chumbani mwao unakuta mtu mmoja amekaa mbele ya skrini, na wenzake wanne wamesimama nyuma ya kiti chake wakitazama mistari ya programu inavyopita. Mmoja wa hao wanne ana skrubu mkononi. Anaizungusha tu vidoleni, kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia iende wapi.

Leo nimekuja kumsemea huyo mwenye skrubu.

Naamini kabisa kwamba katika timu ya wanafunzi, swali la kuuliza wakati wa kugawa kazi ni hili: nani anatakiwa awe anaijua kazi hii msimu utakapokwisha? Kiwanda huuliza nani anaijua sasa, na kina haki, kwa sababu kinauza bidhaa. Ninyi hamuuzi roboti. Msimu ukiisha roboti itavunjwa na mota zake zirudi sandukuni, na kitakachobaki ni kile kilichoingia vichwani na mikononi mwenu. Timu ya wanafunzi kumi ikimaliza msimu ikiwa na wawili wanaojua na wanane waliokuwepo, hiyo ni hasara hata kama kombe liko kabatini.

Najua mtaniuliza: tukimpa asiyejua, si tutashindwa? Hoja hiyo ni ya kweli na inastahili jibu. Tuanze na mashindano yenyewe yanavyopimwa. Katika FIRST LEGO League Challenge, mashindano ya wanafunzi ya roboti za LEGO, alama ambazo roboti inapata kwenye meza ya mchezo ni robo moja tu ya hesabu. Robo tatu zinatoka kwenye mradi wa ubunifu, usanifu wa roboti, na maadili ya timu, na hizo hupatikana kwa majaji kukaa na wanafunzi wakiwauliza na kuwasikiliza. RoboCupJunior, mashindano mengine ya kimataifa ya roboti za wanafunzi, inakwenda mbali zaidi: kanuni zake zinataka kila mwanatimu awe na kazi ya kiufundi, na aweze kuieleza mwenyewe. Jaji hamuulizi kapteni. Anamgeukia aliyekaa pembeni na kumwuliza kwa nini kihisi kimewekwa pale mbele na hakikuwekwa nyuma. Hapo ndipo timu iliyomtegemea mtu mmoja huonekana ilivyo.

Halafu kuna jambo la kawaida kabisa, homa. Aliyeandika programu yote peke yake akiamka mgonjwa siku ya mashindano, timu nzima imeugua.

Kazi zenyewe ni zipi? Zile kubwa mnazijua: umbo na mitambo, umeme na nyaya, programu, uendeshaji, kumbukumbu, maelezo kwa majaji, fedha na vifaa. Sitakaa sana hapo. Nataka nikae kwenye mbili ambazo timu nyingi hazina mtu wake, nazo ni kusoma kanuni na kutunza betri.

Kitabu cha kanuni za msimu ni kirefu, na waandaaji hukifanyia marekebisho na kutoa ufafanuzi msimu ukiwa unaendelea. Kila mtu anadhani mwenzake amekisoma. Nimeona mkono mzuri wa kunyakulia vitu, uliojengwa kwa majuma, ukikatwa kwa msumeno asubuhi ya ukaguzi kwa sababu ulizidi kipimo kilichoruhusiwa. Mpeni mtu mmoja kazi ya kuwa mdomo wa kanuni. Kila mkutano aanze yeye: nini kimebadilika, nini tunakifanya ambacho kinakaribia mpaka. Awe na haki ya kusimamisha ujenzi kwa dakika tano na kusema, jamani, hapa tusomeni tena. Kwa mwanafunzi mkimya anayependa kusoma, kazi hii humpa sauti ambayo pengine asingeipata kwa njia nyingine yoyote.

Na betri. Kazi hii hudharauliwa, hata huonekana kama ya mtumishi, ya kuchomeka na kuchomoa. Lakini hebu tazameni iliyomo ndani yake. Betri ya lithiamu yenye seli tatu huandikwa volti 11.1, ikijaa hufika 12.6, na hakuna seli inayotakiwa kushushwa chini ya volti 3. Iliyovimba haichajiwi tena, inatengwa. Mtunza betri mzuri huandika namba juu ya kila moja, huweka karatasi ya lini ilichajiwa na ilitumika kwa muda gani, na huipima kwa mita kabla roboti haijaingia uwanjani. Baada ya muda anazijua moja moja: namba mbili inaonyesha volti nzuri ikiwa imetulia, lakini mota zikianza kuvuta inashuka ghafla, maana ukinzani wake wa ndani umepanda. Mwanafunzi aliyefika hapo ameingia kwenye umeme kwa mlango ambao darasani ungemchosha. Ndiyo maana nasema hakuna kazi ndogo kwenye timu. Zipo kazi ambazo hazijapewa mtu wa kuzipenda.

Betri hiyohiyo inanileta kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mgawanyo wowote wa kazi. Tuseme anayeandika programu amejaribu sehemu ya roboti kujiendesha yenyewe. Ameiamuru iende mbele kwa sekunde nne, na ikasimama pale alipotaka. Alijaribu jioni, betri ikiwa imechoka. Asubuhi ya mashindano inawekwa betri iliyojaa pomoni, mota zinazunguka kwa kasi zaidi, na sekunde zilezile nne zinaipeleka roboti hadi ukutani. Aliyeandika programu anasema mitambo ina tatizo. Wa mitambo anasema programu ina tatizo. Wote wawili wamefanya kazi yao sawasawa. Kosa limekaa katikati yao, mahali ambapo hapana mtu.

Dawa ya hilo inajulikana: acheni kuhesabu sekunde, hesabuni mizunguko ya gurudumu kwa kihisi kilichofungwa kwenye mota. Vizuri. Sasa wa mitambo anaona magurudumu ya milimita 90 yanateleza, anayatoa, anaweka ya milimita 100 yenye mpira mzuri zaidi. Ameboresha roboti, ana haki ya kufurahi. Ila hakumwambia wa programu. Kila mzunguko mmoja sasa unaisogeza roboti milimita 314 badala ya 283, na baada ya mizunguko kumi imepitiliza kwa zaidi ya sentimita 31. Kosa liko katikati tena.

Msidhani haya ni ya wanafunzi tu. Mwaka 1999 chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu ya upande mmoja ilitoa hesabu za msukumo kwa pauni, na waliokuwa wakikiongoza chombo walizisoma kama nyutoni. Pauni moja ya nguvu ni karibu nyutoni 4.45. Chombo kilipita chini mno, kwenye kilomita 57 hivi juu ya sayari ilhali kilikusudiwa kupita kilomita 226, na hakikusikika tena. Kila upande ulikuwa na wataalamu waliobobea. Kilichokosekana ni mtu wa kuusimamia mpaka kati yao.

Kwa hiyo mkishagawa kazi, msiishie hapo. Gaweni na mipaka pia. Chukueni karatasi moja kubwa, ibandikeni ukutani, na iandikwe yale yote ambayo upande mmoja unayategemea kutoka upande mwingine: mota ipi imechomekwa kwenye tundu lipi, waya wa rangi gani unakwenda wapi, mbele ya roboti ni upande upi, kipenyo cha gurudumu, vipimo vyetu ni milimita au sentimita. Karatasi hiyo iwe na mwenyewe. Anayetaka kubadilisha chochote kilichoandikwa pale anamwambia yeye kwanza, naye anawaita wale wanaohusika. Inachukua dakika mbili. Nimekutana na timu ambazo hazikuwa na vifaa vya maana ila zilikuwa na karatasi hiyo, na roboti zao zilifanya kazi.

Sasa tuje kwenye kumpa mtu kazi yenyewe. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, akaichapisha kazi yake mwaka 1913. Alikuta kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Sehemu ya sababu ni kwamba watu wengi hawavuti kwa mpigo mmoja. Sehemu nyingine, ambayo waliokuja baada yake waliithibitisha, ni kwamba mtu aliye ndani ya kundi hulegea, na mara nyingi hajui kuwa amelegea. Mkisema "sote tutaandika programu", mmewafunga kamba watu kumi, na mtashangaa inavyojongea polepole.

Ninachoshauri ni hiki: kila kazi iwe na mwenyewe mmoja, jina lake likiwa limeandikwa, na iwe na mwenzake mmoja anayejifunza. Mwenyewe ndiye anayeulizwa. Mwenzake ndiye anayeweza kuishika kesho mwenyewe asipokuwepo. Na hapa nawaomba muwe wakali, maana mpango huu hufa kimyakimya. Anayejua hukaa kwenye kibodi, anayejifunza hutazama, wote wawili wakaamini wanafundishana. Kutazama hakufundishi mikono. Kila kipindi, kwa sehemu fulani iliyopangwa, anayejifunza ndiye ashike kibodi au bisibisi, na anayejua akae pembeni, mikono mgongoni, aongee kwa mdomo tu. Itakwenda taratibu. Mwenzako atachomeka waya pasipo pake na utatamani kuunyakua. Usiunyakue. Mwulize mita inasema nini, umwache aione mwenyewe. Kwa anayejua, kipindi hicho ni kigumu kuliko kazi yoyote ya programu, na ndicho kinachomfanya awe kiongozi.

Niseme na hili bila kulizungusha. Katika timu zenye wasichana na wavulana, mara nyingi mno nimewakuta wasichana wakiwa na daftari, bango na hotuba, na wavulana wakiwa na mota. Ukiuliza unaambiwa, wao wenyewe walichagua. Walichagua baada ya nini? Baada ya kunyang'anywa bisibisi mara mbili tatu kwa maneno ya upole, "lete nikusaidie". Walimu walezi, hili ni lenu. Msingoje msichana aje kulalamika. Tazameni mikono ya nani iko ndani ya roboti, wiki hii na wiki ijayo, na kama ni ileile, badilisheni.

Wala sisemi kwamba daftari ni kazi ya chini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na roboti ni mali. Majaji hulisoma daftari la uhandisi kwa makini, wakitafuta jinsi mlivyofikiri: mlijaribu nini, kikashindwa wapi, mkaamua nini na kwa nini. Lakini daftari linaloandikwa na mtu mmoja ambaye hakugusa roboti husomeka hivyo, lina picha nyingi na sababu chache. Awepo msimamizi wake wa kulinda tarehe, mpangilio na usafi, ila kila mwenye kazi aandike ukurasa wake kwa mkono wake, siku ileile, hata kama mwandiko wake haupendezi.

Kuhusu madereva nitasema kwa ufupi, ingawa najua ndilo linalowagombanisha zaidi. Kila mtu anataka rimoti. Msimpe kapteni kwa ukapteni wake, wala mkubwa kwa umri wake, wala aliyejenga kwa kuwa amejenga. Wekeni jaribio: njia ileile, kazi ileile, saa mkononi, kila anayetaka ajaribu mara kadhaa kwa siku tofauti, na matokeo yaandikwe ukutani. Katika FIRST Tech Challenge, nayo mashindano ya roboti ya wanafunzi, roboti hujiendesha yenyewe kwa sekunde 30, kisha madereva wanapewa dakika 2. Dakika mbili ni fupi kuliko hofu ya mtu. Tafuteni yule ambaye mkono wake hautetemeki baada ya kukosea, kwa maana atakosea. Na pale uwanjani awepo mtu mmoja tu wa kuwaelekeza madereva. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wengine wote, hata mkiona kosa waziwazi, nyamazeni mpaka kengele ilie.

Kapteni naye? Kapteni mzuri ninayemjua mimi hana kazi ya kiufundi aliyoing'ang'ania. Anazunguka. Anajua nani amekwama, nani hajaongea leo, kazi ipi inasubiri kazi ipi. Wawili wakibishana kama mkono uwe mrefu au mfupi, hapigi kura wala haamui kwa cheo. Anauliza: tunaweza kulijaribu hili kwa nusu saa? Basi wanajenga yote mawili kwa maboksi na gundi, wanapima, ubishi unakwisha na hakuna aliyeshindwa na mwenzake, wote wameshindwa na kipimo. Hilo hulinda urafiki.

Wapo wanaoniuliza kama kazi zizungushwe. Zizungushwe, tena mapema. Mwanzoni mwa msimu kila mtu apite kwenye kila meza: afunge gurudumu, aandike programu fupi ya kuwasha mota, achaji betri, apime volti. Mtashangaa ni nani anapenda nini, akiwemo yule aliyekuwa na uhakika kwamba programu si zake. Baada ya hapo kila mtu atulie kwenye kazi yake na ya mwenzake. Zikikaribia siku za mashindano msibadilishe mtu, kwa sababu wakati huo kinachohitajika ni mazoea. Na timu ya watatu haina anasa ya kugawa kazi kumi kwa watu kumi. Kila mmoja atabeba kofia tatu, lakini zote ziandikwe, na kila kofia iwe na wa pili wake. Kwa timu ndogo sheria ya mwenzake ni ya lazima kuliko kwa timu kubwa.

Walimu walezi na wazazi, nanyi mna kazi yenu kwenye mgawanyo huu. Ulinzi wa macho na vidole ni wenu: miwani ya kinga, msumeno, betri zinazochajiwa. Kuleta vifaa, kuuliza maswali magumu, kusimamia muda, ni vyenu pia. Lakini usiku wa mwisho kabla ya mashindano, wanafunzi wakiwa wamechoka na roboti haiendi, mtatamani sana kuketi mbele ya kompyuta hiyo. Naelewa, ni mapenzi. Hata hivyo kaeni kwenye kiti cha pembeni, mikono mgongoni kama nilivyowaambia wao. Roboti ikienda uwanjani na kasoro waliyoifanya wao wenyewe, watajua cha kurekebisha baina ya mchezo na mchezo. Ikienda na ufundi wenu, ikikwama hakuna atakayejua pa kuanzia.

Jambo la mwisho ni la wale wanaomaliza shule. Mnaondoka na vitu vingi vichwani ambavyo havijaandikwa popote. Kabla ya kusherehekea, kila anayeondoka akae na anayebaki kwa mchana mmoja, kazi kwa kazi. Mwonyeshe programu ya mwisho imehifadhiwa wapi na nywila yake ni ipi. Mwambie mota ipi hupata moto haraka, tundu lipi la kidhibiti limelegea, betri ipi isiaminiwe, duka gani lilichelewesha vifaa, jaji aliuliza nini mkakosa jibu. Kisha mwache yeye aiwashe roboti kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila wewe kugusa kitu. Akikwama, andikeni pale alipokwama. Karatasi hiyo ndiyo timu mpya itakayoanza nayo mkutano wake wa kwanza, kabla hata sanduku la vifaa halijafunguliwa.

Asanteni sana. Sasa niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na wale ambao hawajapata kazi kwenye timu zao.